Kirukanjia, Ndege Alalaye Chini

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya ndege ambaye wengi wamemsikia, wachache wamemwona, na walio wachache zaidi wamemjua. Jina lake ni kirukanjia. Pengine huitwa mbarawaji. Mtu apitaye njia ya porini jua likiisha kutua humkuta amelala katikati ya njia, kimya, kama bonge la udongo au kipande cha gome kilichoanguka. Akimkaribia hatua tatu au nne, lile bonge huruka ghafula bila kishindo, likaenda mbele kidogo, likatua tena pale pale njiani. Msafiri akifika hapo, huruka tena. Aweza kumtangulia mtu hivyo kwa muda mrefu, na ndiyo asili ya jina lake.

Basi hofu huanzia hapo. Ndege ambaye hatoi sauti ya mabawa, naye amtangulia mtu gizani kana kwamba ajua aendako, na mtu huyo akiwa na taa huona macho mawili mekundu yakiwaka chini kama makaa. Katika nchi nyingi watu wamemhesabu kuwa ndege wa mikosi, wakasema kulia kwake karibu na nyumba ni habari ya msiba. Sisi hatukusudii kuwacheka wazee waliosema hivyo, maana mtu huogopa kitu kisicho na maelezo, na maelezo ya ndege huyu yalikawia kupatikana. Hata watu wa Ulaya walimsingizia. Mwanafalsafa Aristotle wa Uyunani, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Masihi, aliandika kwamba ndege huyu hunyonya maziwa ya mbuzi usiku na kwamba kiwele kilichonyonywa naye hukauka. Neno hilo liliaminiwa muda wa karne nyingi, na mwaka 1758 Linnaeus, mtu wa Sweden aliyewapa wanyama majina ya Kilatini, alimwandika kwa jina la Caprimulgus, maana yake mkamua mbuzi. Jina hilo lipo mpaka leo katika vitabu vya elimu, ijapokuwa hakuna mwanachuoni anayeamini habari yenyewe. Ukweli ni kwamba mbuzi na ng'ombe wakilala, wadudu hukusanyika kwa ajili ya joto lao na samadi yao. Ndege huyu huja zizini kufuata wadudu. Mwenye mifugo aliyemwona akizunguka miguuni pa mbuzi alimdhania mwizi, kumbe ni mgeni aliyekuja kula inzi na nondo wa mwenye nyumba bila malipo.

Tumtazame mwili wake. Ziko aina nyingi za virukanjia katika Afrika ya Mashariki, nazo zafanana sana, hata mabingwa wa ndege huzitambua kwa sauti kuliko kwa sura. Aina iliyo ya kawaida katika misitu ya miombo na nchi za pwani ina urefu wa sentimeta 24 hivi toka mdomo hata mwisho wa mkia, na uzito wake ni gramu 50 hivi tu. Mtu akimtazama huona ndege mkubwa kuliko alivyo, kwa sababu manyoya yake ni mengi na mororo, na mabawa yake ni marefu. Huo mlegevu wa manyoya ndio unaozuia sauti. Upepo ukipita katika manyoya magumu ya njiwa hupiga makelele. Ukipita katika manyoya ya kirukanjia hunyamaza, kama vile mtu avaavyo viatu vya kitambaa asivyosikika sakafuni.

Mdomo wake humdanganya mtazamaji. Kwa nje ni kidogo mno, kijipande cheusi kilichopinda. Lakini akiufungua, kinywa hupasuka mpaka chini ya macho, kikawa kipana kama mfuko ulio wazi, na kando zake zimeota nywele ngumu. Kwa kinywa hicho humeza nondo mzima, mbawakawa na panzi, asihitaji kuwakatakata. Miguu yake ni mifupi na dhaifu, hata kutembea hatembei ila hatua chache za kujivuta; ndiyo maana akitua juu ya tawi hakai kwa kulikingama kama ndege wengine, bali hujilaza kwa kulifuata, akaonekana kuwa fundo la mti. Katika ukucha wa kidole cha katikati ana meno madogo madogo yaliyopangwa kama kitana. Watu wa elimu hufikiri kwamba hukitumia kujichania manyoya na zile nywele za kinywani, na yamkini kuwaondoa chawa wa ndege.

Na yale macho mekundu? Ni makubwa kwa kadiri ya kichwa chake, na nyuma ya ngozi ile ya ndani ipokeayo mwanga kuna utando ung'aao kama kioo. Nuru ndogo ya nyota ikiingia jichoni na kupita bila kushikwa, utando huo huirudisha, ikashikwa mara ya pili. Paka na fisi wana kitu kama hicho, na ng'ombe pia. Mwangaza wa taa ukimpiga usoni hurudi kwa njia iyo hiyo, nasi tukauona mwekundu. Mtu aliyekwisha kuwaona ng'ombe wake mwenyewe wakimwangazia macho usiku, wala asikimbie, hana sababu ya kukimbia macho ya kirukanjia.

Sasa twaweza kueleza kwa nini hukaa njiani. Kirukanjia hawindi kwa kutazama chini kama bundi, bali kwa kutazama juu. Hujilaza mahali palipo wazi, akaangalia mbingu, na mdudu apitaye juu yake huonekana mweusi mbele ya weupe uliobaki angani. Hapo huruka, akamdaka, akarudi mahali pake. Katikati ya majani marefu hawezi kuona mbingu wala kufungua mabawa. Njia ya miguu, uwanja wa nyumba, kando ya ziwa iliyokauka na barabara ya magari, zote ni mahali pa wazi. Tena udongo wa barabara hushika joto la mchana hata usiku wa manane. Basi hamtangulii msafiri ili kumpeleka popote. Ametimuliwa toka kiti chake cha kuwindia, naye ahamia kiti cha pili kilicho karibu, ambacho kwa bahati ni njia ile ile.

Wakati wake mkubwa wa kula ni magharibi, mara giza linapoingia, na alfajiri kabla ya kupambazuka. Kati ya nyakati hizo mbili, usiku ukiwa wa giza tupu, hupumzika, kwa maana hata macho yale hayatoshi. Lakini mwezi ukiwapo huendelea kuwinda usiku kucha. Hivyo maisha yake yafuata mwezi kuliko yafuatavyo jua, na jambo hilo limehakikishwa kwa njia ya ajabu. Aina moja ya virukanjia huzaliana Ulaya, kisha husafiri kuja Afrika kuikimbia baridi; wengi wao hupita nchi za Kenya na Tanzania kati ya Oktoba na Desemba, wakarudi kwao yapata Machi na Aprili. Mabingwa wa Sweden waliwafunga baadhi ya ndege hao vyombo vidogo sana vya kuandika mienendo yao, na mwaka 1999 vyombo vya namna hiyo visingaliwezekana. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Ikaonekana kwamba usiku wenye mwezi kuwinda kwao kulizidi maradufu. Ikaonekana pia kwamba hawakuanza safari siku yoyote tu: walikula na kunenepa wakati wa mbalamwezi, na siku kumi hivi baada ya mwezi mpevu wengi wao wakaondoka kwa pamoja. Msafiri wa jangwani hujaza viriba kabla ya kuondoka. Hawa hujaza mafuta mwilini, na kisima chao ni mwezi.

Wadudu anaowala ni hasa nondo na mbawakawa, na mvua za kwanza zinaponyesha, kumbikumbi. Wengine hupenda kusema kwamba hula mbu na kwa hiyo hupunguza homa. Sisi hatusemi hivyo, kwa sababu chakula chake kikubwa ni wadudu wakubwa kuliko mbu. Lakini mkulima na akumbuke kwamba nondo ndiye mama wa viwavi. Wale viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi na mtama, na wale viwavijeshi wanaoshuka shambani kama jeshi na kuacha vijiti vitupu, walianza wakiwa mayai yaliyotagwa na nondo arukaye usiku, wakati ambapo mbayuwayu na ndege wengine wadakao wadudu hewani wamelala. Kirukanjia peke yake hawezi kuliokoa shamba, wala hatutaki mtu yeyote adanganywe hivyo. Ila katika zamu ya usiku walinzi ni wachache, yaani popo na bundi wadogo na huyu.

Tumekwisha kumtazama usiku. Mchana ana kazi ngumu zaidi, nayo ni kutoonekana. Hana pango wala shimo. Hana kucha za kupigania, wala hawezi kukimbia kwa miguu. Hulala juu ya ardhi tupu katikati ya majani makavu, chini ya kijiti kisicho na kivuli cha kutosha, na jua la nyika likimpiga. Joto likizidi hufungua kinywa kidogo na kuitetemesha ngozi ya koo, ili maji yakauke mle ndani na kumpoza. Mwili uliobaki hausogei hata kidogo. Macho, ambayo weusi wake ungeweza kumtangaza, huyafumba mpaka yakawa kama nyufa mbili nyembamba, akachungulia. Manyoya yake yamechorwa rangi ya majani yaliyooza, gome, majivu na mchanga, kwa mistari na madoa yasiyo na mpango, hata mtu aweza kuonyeshwa kwa kidole mahali alipo na bado asimwone. Adui akija, hamkimbii mapema. Hungoja mpaka karibu kukanyagwa, kwa kuwa kuruka ni kuifichua siri.

Katika wilaya ya Choma, upande wa kusini wa Zambia, mabingwa kwa msaada wa wanakijiji hodari wa kutafuta viota walichunguza jambo hili kwa miaka kadhaa. Walipiga picha za virukanjia wa aina tatu wakiwa juu ya mayai, pamoja na ndege wengine watagao chini, kisha wakahesabu jinsi rangi ya kila ndege ilivyofanana na ardhi iliyomzunguka. Nao walihesabu si kwa macho ya binadamu tu, bali kwa kadiri ya macho ya adui zake. Maana nguchiro huona rangi chache kuliko sisi, tumbili huona karibu kama sisi, na ndege walao mayai huona zaidi yetu. Walikuta mambo mawili. La kwanza, kiota cha kirukanjia aliyefanana vema na ardhi kilisalimika zaidi kuliko kiota cha yule aliyefanana nayo kidogo. La pili latushangaza zaidi: virukanjia wa aina moja hawafanani kabisa, mmoja huelekea wekundu na mwingine huelekea kijivu, na kila mmoja alikuwa amechagua mahali pa kutagia palipoafikiana na rangi yake mwenyewe kuliko ya mwenzake. Jinsi anavyojijua rangi yake hakuna aliyeieleza, kwa maana kioo hana.

Kiota tunachokitaja si kiota. Mama hutaga mayai mawili juu ya ardhi ile ile, bila jani moja kutandikwa, na mayai yenyewe yana weupe wa maziwa au wekundu wa kufifia pamoja na mawaa. Katika aina kadhaa mama huyalalia mchana, na baba, aliye na mabaka meupe yanayoonekana zaidi mabawani na mkiani, humpokea usiku wakati weupe huo usipomdhuru. Mayai huanguliwa baada ya siku 18 hivi. Makinda huzaliwa na manyoya laini ya rangi ya udongo, na baada ya siku chache huweza kujikokota hatua kidogo mama yao anapowaita, lakini kuruka hawawezi mpaka zipite wiki mbili na zaidi. Jumla ni zaidi ya mwezi mmoja ambapo jamaa hii nzima imefungwa mahali pamoja juu ya ardhi, na kinga yake yote ni kutoonekana.

Kinga hiyo yafaa kwa adui mwenye macho. Moto hauna macho.

Katika nchi za miombo, toka kusini ya Tanzania hata Zambia na Malawi, virukanjia hutaga hasa kati ya Septemba na Novemba, kabla ya mvua au zinapoanza, ili makinda yakute wadudu wengi. Miezi hiyo ndiyo miezi ya moto mkali. Nyasi zimekauka kabisa, majani yamedondoka, upepo ni mwingi, na mtu anayechoma ili kusafisha shamba, au kuwafukuza panya, au kurina asali, huanzisha moto asioweza kuuzima. Moto wa namna hiyo hupanda hata vilele vya miti midogo na kwenda siku nzima. Ndege mkubwa aweza kuruka. Mayai hayawezi, na kinda la siku tano haliwezi kuuacha moto nyuma kwa hatua zake. Tena yule aliyesalimika akirudi hukuta ardhi imekuwa nyeusi, naye mwenye rangi ya majani makavu ambayo hayapo tena, akaonekana toka mbali.

Si kwamba moto usiwashwe kamwe. Wakulima na wafugaji wana haja nao, na wenye kulinda misitu wamefundisha tangu zamani namna ya kuutumia, yaani kuchoma mapema. Moto uwashwao Mei au Juni, nyasi zingali na unyevunyevu na usiku ukiwa na umande, hutambaa polepole, huacha mabaka mabaka yasiyoungua, na jioni mara nyingi hufa wenyewe. Miti hupona, udongo haupotezi uzima wake, na wakati huo virukanjia wengi wa nchi hizo hawajataga. Moto wa Oktoba ni mwingine kabisa. Kijiji kinachokata njia za kuzuia moto mwezi wa Juni na kupatana siku za kuchoma kimewatendea ndege watagao chini wema mkubwa, hata kama hakikuwakumbuka kabisa, kwa sababu kilichokuwa moyoni mwa watu ni mizinga yao ya nyuki na nyumba zao za nyasi.

Wanafunzi na wachungaji, ambao huzunguka porini kuliko sisi, pengine watamwona ndege wa rangi ya majani akianguka mbele yao, akiburura bawa kama lililovunjika, akigaagaa na kufungua kinywa chake kikubwa. Asifuatwe. Bawa ni zima, na hila hiyo ni ya kumvuta adui mbali na mayai au makinda. Afanyaye busara husimama papo hapo na kutazama miguuni pake kabla ya kuinua mguu, kwa sababu mayai huenda yakawa umbali wa hatua mbili. Kisha na arudi kwa njia aliyoijia. Asiweke jiwe wala tawi la alama, kwa kuwa kijana wa pili atakayepita ataiona alama hiyo, na yeye pengine hakusoma kitabu hiki.

Kumjua kwa sauti ni rahisi kuliko kwa macho, nasi twapenda wasomaji wajaribu. Yule wa miombo na pwani ana mluzi mtamu wenye kutetemeka mwishoni. Watu wa kusini mwa Afrika wasemao Kiingereza hudai kwamba anasali na kumwomba Mungu awaokoe, na mtu akiisha kuambiwa hivyo hawezi tena kusikia vinginevyo. Mwenziwe mwenye mkia mraba, apendaye mahali pa wazi penye mchanga, hunguruma mfululizo kama cherehani inayoendeshwa na fundi asiyechoka, mara polepole, mara upesi. Katika nyika kavu za Kenya na kaskazini ya Tanzania yuko mwenye mkia mwembamba, ambaye hurudia neno moja fupi upesi upesi kama anayehesabu. Saa njema ni robo saa baada ya jua kutua, na usiku mwema ni wa mbalamwezi.

Mmoja wao hana haja ya kusikilizwa, maana huonekana. Ni kirukanjia mwenye bendera. Dume lake, siku za kuoana, huota katika kila bawa unyoya mmoja mweupe mrefu kuliko mwili wake mara mbili na zaidi, nao humfuata nyuma anaporuka jioni kama vitambaa viwili vilivyoachwa mkononi mwa upepo. Huzaliana katika miombo ya kusini, kisha yapata Januari na Februari huelekea kaskazini, akavuka ikweta mpaka Uganda na Sudan ya Kusini, ambako mvua nyingine zinaanza na kumbikumbi wanaruka. Manyoya yale marefu hayamfai tena, naye huyapoteza. Mtu wa Uganda huenda akamwona akiwa na bendera iliyovunjika nusu.

Wako na jamaa zake wa mbali ambao tutawataja kwa neno moja tu. Katika jangwa la California, nchi ya Marekani, mwezi wa Desemba 1946, bwana Edmund Jaeger alimkuta ndege wa ukoo huu amejibana katika ufa wa mwamba, baridi kama maiti. Alikuwa hai. Alikuwa amelala usingizi wa majira ya baridi, wadudu wasipopatikana, na hali hiyo haikuwa imehakikishwa kwa ndege yeyote kabla ya hapo.

Limebaki jambo la barabara. Tumesema kwamba ndege huyu hupenda ardhi tupu yenye joto, na kwamba adui akija desturi yake ni kungoja mpaka dakika ya mwisho. Tabia hizo mbili zilimfaa kwa muda mrefu sana, wakati njia zilipokuwa za miguu na punda. Motokaa huja kwa mwendo ambao dakika ya mwisho haipo. Taa zake humpofusha, kwa kuwa jicho lililoumbwa kwa nuru ya nyota halivumilii nuru kama ile, naye hukaa hapo hapo akikodoa macho, au huruka amechelewa. Katika barabara za vumbi zipitazo porini kirukanjia ni mmoja wa ndege wanaouawa mara nyingi usiku. Dereva aonaye nukta nyekundu mbele yake, akipunguza mwendo na kufifiliza taa kwa kitambo, humpa nafasi ya kuondoka. Haimpotezei dereva muda wa kutajika, tena katika barabara za namna hiyo nukta nyekundu yaweza kuwa ya ng'ombe.

Mwaka 1990 wachunguzi waliokuwa katika uwanda wa Nechisar, kusini ya Ethiopia, walikuta barabarani kirukanjia aliyekwisha kuuawa na gari na kuharibika. Kitu kizima walichoweza kuokota kilikuwa bawa moja. Walilichukua mpaka Uingereza, likalinganishwa na mabawa ya virukanjia wote waliojulikana, wala halikufanana na la hata mmoja. Mwaka 1995 aina hiyo iliandikwa kuwa mpya, ikaitwa Caprimulgus solala, jina lililoundwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya bawa pekee. Tangu hapo wako waliokwenda uwandani mle usiku kwa taa kumtafuta mwenye bawa lile, na mabishano juu yake yamekuwa mengi. Bali kitu cha kushika mkononi, ambacho jina hilo lilitolewa juu yake, ni lile bawa lililookotwa barabarani.